Dar hadi Tukuyu kwa Hiace ya kulala: mbwa mmoja, paka mmoja, siku 16 milimani

#1 MpandaKitonga

Wakuu salamu. Mwezi wa tatu niliuliza humu kama kuna mtu amewahi kuzunguka nyanda za juu kusini na mbwa ndani ya gari la kulala. Nikaambulia vichekesho vinne na jamaa mmoja aliyetaka kuninunulia mbwa. Basi tumekwenda na tumerudi wote wanne, naleta mrejesho.

Gari ni Hiace super roof ya dizeli, injini ya 5L, ile isiyo na haraka na mtu. Viti vya nyuma niling'oa, fundi seremala akanitengenezea kitanda cha mbao chenye droo chini, juu godoro la inchi nne. Kuna sola moja juu ya paa, betri moja, madumu matatu ya maji na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 niliofunga kwa mkanda usicheze. Gari lenyewe ndiyo hilo. Wanaotarajia picha za sofa na friji ya kisasa wasome uzi mwingine.

Abiria: mimi, mama watoto, paka jike anaitwa Bi Mkubwa, na mbwa wa kienyeji wa miaka minne anaitwa Mwenyekiti. Tulimpa hilo jina kwa sababu mchana kutwa analala, anaamka tu watu wakianza kugombana. Mtaani kwetu lilikuwa utani. Huko mbele lilinigharimu, nitafika.

Kabla ya kuondoka nilifanya mambo mawili tu ya maana. La kwanza chanjo: ya kichaa cha mbwa pamoja na ile ya mchanganyiko, kadi ikagongwa muhuri. La pili nilipita kwa afisa mifugo, akaniandikia kibali cha kusafirisha wanyama. Njia nzima niliulizwa kibali mara moja, na aliyeuliza alikuwa na shauku tu ya kumwona paka. Maana askari akifungua mlango akakuta kitanda, sufuria, mbwa na paka, anasahau alichokusimamishia.

Naendelea jioni, umeme wenyewe mnaujua.

#2 KandambiliMoja

Nimekaa pale. Lete vitu.

#3 Mama Kuku

Paka kwenye gari kilomita 800? Wangu nilimpeleka Kibaha tu, bado nina makovu.

#4 MpandaKitonga

@Mama Kuku siri ya paka ni boksi. Wiki tatu kabla ya safari boksi lilikaa sebuleni likiwa wazi, ndani nguo yangu kuukuu, akawa anaingia kulala kwa hiari yake. Siku ya safari hakuona kipya. Choo chake ni beseni la maranda ya mbao, unayapata bure kwa seremala yeyote njiani. Na gari likiwa kwenye mwendo, paka hatoki ndani ya boksi hata akiimba taarabu. Akiingia chini ya pedali ya breki pale kwenye mteremko wa Kitonga, mtatuzika wote.

Mbwa yeye alikula masaa manne kabla ya kuondoka, njiani maji tu, na kila saa mbili tunasimama akojoe. Dar tulitoka saa kumi usiku tukwepe foleni na joto. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili hasa kwa kuhema, kwa hiyo gari likisimama juani vioo vimefungwa, dakika chache zinatosha kumuua. Sheria ya safari yetu ilikuwa hii: tukila hotelini, mmoja anakula na mwingine yuko garini. Tulikula pamoja mezani mara mbili tu kwa siku 16. Ndoa imesimama.

Sasa Mikumi. Wengi mliuliza hapa. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wala paka, hilo halina mjadala. Lakini barabara kuu ya kwenda Mbeya inapasua Mikumi kwa kama kilomita 50, na hakuna mtu atakayekurudisha Morogoro kwa sababu ya mbwa. Nilivyofanya: tulisimama Doma, kabla ya hifadhi, kila mwenye haja akaimaliza. Halafu vioo juu, kamba fupi, mwendo wa vibao, hakuna kusimama mpaka Mikumi mjini. Katikati mama watoto aliona twiga, mimi nikapunguza mwendo, na Mwenyekiti akaona nyani waliokaa kando ya lami. Alibweka mpaka sauti ikakauka. Nyani mmoja dume alisimama akamwangalia tu, kama mtu anayesubiri ushushe kioo. Mbwa akanyamaza, akajilaza chini ya kitanda, hakutoka mpaka Ruaha Mbuyuni.

Mbung'o wawili waliingia hata hivyo, sijui kwa njia gani. Mmoja nilimuua kwa ndala, wa pili alishaninyonya.

#5 DaktariWaNg'ombe

Mkuu umefanya vizuri kutosimama. Naomba niweke jambo hapa, maana kuna watu wanadhani marufuku ya mbwa hifadhini ni roho mbaya.

Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ulipita Serengeti ukaua takriban theluthi moja ya simba, karibu 1,000. Walianza kuonekana wanatetemeka na kupata degedege. Virusi vilipochunguzwa vikafanana na vya mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Fikiria, mnyama asiyeogopa chochote, kaangushwa na ugonjwa wa mbwa wa kulinda kuku. Baada ya hapo ikaonekana ni lazima mbwa wa vijiji vile wachanjwe. Kwa hiyo mbwa wako hata awe msafi na ana kadi, akishuka kukojoa ndani ya hifadhi unaleta hatari usiyoiona, na yeye anaondoka na kupe wa huko.

Kuhusu mbung'o: mbwa naye anaugua nagana, ugonjwa wanaoueneza. Ndani ya wiki chache zijazo ukiona homa inayokuja na kuondoka, anakonda, uso unavimba, au jicho linaweka ukungu wa buluu, usingoje. Kwa kupe angalia ufizi. Ukiwa mweupe na mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, hiyo ni dharura. Mpekue kila jioni: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole.

Na mbwa wa watu akikung'ata huko vijijini, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya breki. Nimeyaona yote hayo.

#6 KandambiliMoja

Mafuta ya breki????

#7 DaktariWaNg'ombe

Wewe acha tu.

#8 MpandaKitonga

Asante daktari. Kupe tuliwakuta sita kwa safari nzima, wanne kati yao Iringa.

Kutoka Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa kali, bonde lote lile la mibuyu linachemka. Mwenyekiti tulimwekea taulo lenye maji tumboni. Halafu Kitonga. Kupanda siyo shida, ni aibu tu: gia ya kwanza na ya pili, malori ya Tunduma mbele, na injini isiyo na turbo kadiri unavyopanda inazidi kukosa pumzi. Shida ni kurudi. Wakati wa kushuka weka gia ileile ambayo ungepandia, acha injini ilizuie gari, breki uziguse kwa vipindi. Mimi wakati wa kurudi nilijisahau kama dakika tatu hivi, nikasikia harufu ya breki. Aliyeisikia kwanza ni paka, alianza kupiga chafya.

Iringa tulilala usiku mbili kwenye shamba la mtu anayepokea wenye mahema. Sina mengi ya kusema, pazuri, maji ya moto yapo. Funzo moja tu: ukipiga simu usiulize "mnaruhusu mbwa?" peke yake. Uliza na "nyie mna mbwa?" Sisi tuliambiwa karibu sana, tukafika tukakuta majike mawili makubwa ya mwenye shamba yanatungoja getini. Mwenyekiti alilala ndani ya gari usiku wote mbili, akatembezwa kwa ratiba kama mfungwa.

#9 MsambaaHalisi

Uzi mzuri. Ukija Lushoto unakaribishwa, kutoka Mombo ni kilomita kama 33 tu za kona. Ila naomba niseme moja kwa heri. Huku kwetu Waislamu tuko wengi, na mate ya mbwa kwetu ni najisi. Si kwamba watu wanamchukia mnyama. Mtu keshatawadha, anaelekea msikitini, mbwa wako anakuja kumnusa kanzu ukisema "hana neno huyo, anacheza tu". Unakuwa umemrudisha nyumbani kubadilisha nguo. Mfunge, simama upande wako wa njia, salimia kwanza. Na bakuli la mbwa usilioshee kwenye bomba la kijiji. Hapo utaishi na watu vizuri hata mwezi.

#10 MpandaKitonga

@MsambaaHalisi umenena ndugu yangu. Bakuli lake lina dumu lake. Ingawa sikufika huko Usambara, hilo la kusalimia kwanza ndilo lililonikomboa Rungwe. Sikilizeni.

Tumefika chini ya mlima Rungwe mwishoni mwa Mei, mvua bado ipo. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na nadhani robo yake ilinidondokea mimi. Tulitaka kuegesha kando ya uwanja wa kijiji usiku mbili. Mama watoto akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, balozi akasema hilo ni la mwenyekiti wa kijiji, akatumwa mtoto. Mwenyekiti akaja mwenyewe, mtu mzima, koti refu la mvua, na wazee wawili nyuma yake.

Natoka garini kumpokea, sikufunga mlango vizuri. Mbwa katoka mbio, kapita katikati ya wazee, anakimbilia kuku. Na mimi kwa akili zangu zote nikapaza sauti: "Mwenyekiti! Mwenyekiti, rudi hapa! Acha ujinga wewe!"

Wakuu, mvua ilikuwa inanyesha lakini nilisikia ukimya.

Mzee akanitazama, akauliza taratibu: "Unaniita mimi, au tuko wawili?"

Mama watoto akageukia mgombani. Mimi nikajieleza, na kadiri ninavyojieleza ndivyo ninavyozama. Mzee akamwangalia mbwa aliyerudi na manyoya mawili mdomoni, akauliza: "Na huyo yuko muhula wa ngapi?" Hapo wazee wakaangua kicheko, nami nikapata pumzi. Kuku alikuwa mzima, manyoya nililipa.

Baada ya kucheka ndipo tukaongea ya maana, na hili ndilo ningependa mlisome wote mnaotaka kwenda milimani na mbwa. Mzee akaniambia, hapa mtu akionekana anaelekea msituni na mbwa, watu hawafikirii matembezi. Wanafikiria mwindaji. Ule msitu ni hifadhi, na majangili wamezoea kuingia na mbwa kuwakimbiza mbega, hata kipunji, yule kima wa huko aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 2003 tu na ambaye wamebaki wachache. Kwa hiyo mtalii wa mjini anayemtembeza mbwa wake pembezoni mwa msitu, kwa macho ya walinzi wa msitu na ya wanakijiji, ni jangili aliyevaa viatu vizuri. Mbwa akae kwenye kamba, upande wa mashamba ya chai na migomba, na mimi nikitaka kupanda niende bila yeye na mwongozo wa pale. Nikatii. Jioni akatuletea maziwa na mkungu mzima wa ndizi. Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) mzee, popote ulipo.

#11 BintiUporoto

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Hapo kwa "tuko wawili" huyo ni Mnyakyusa kamili, hawakosi jibu.

Aliyosema mzee ni kweli. Kwetu mbwa ni wa kulinda au wa kuwinda. Mbwa wa kutembea naye tu hajapata jina. Nikiwa mdogo tukiona mtu na mbwa njia ya msituni tulikuwa tunakimbia kumwambia babu.

Vipi siafu, walikukuta?

#12 MpandaKitonga

Dada umegusa kidonda.

Usiku wa pili, saa nane hivi, Mwenyekiti anaanza kulia. Si kubweka, ni kulia kwa chini chini, anaruka kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Nikadhani chui, maana tuliambiwa mbwa asilale nje. Nikawasha tochi. Sakafu ya gari inatembea. Walikuwa wamepanda kwa tairi la nyuma kulipokuwa na mabaki ya chakula cha mbwa, wakaingia kwa tundu la waya wa sola ambalo fundi alisema "hilo dogo tu bosi". Paka alikuwa juu ya kabati la vyombo, mgongo umepinda, macho kama taa. Tulitoka nje na nguo za kulalia kwenye mvua, mbwa nimembeba, tunamtoa siafu mmoja mmoja katikati ya vidole.

Jirani akaja na majivu ya moto wa jikoni, akamwaga kuzunguka matairi yote manne, na kitambaa chenye mafuta ya taa akapangusa pale walipopandia. Akatwambia tusihangaike kupigana nao, wakishamaliza shughuli wanaondoka wenyewe. Saa kumi na moja walikuwa wameondoka, na kila punje ya chakula cha mbwa imekwenda nao. Tangu siku hiyo majivu yanakaa kwenye kopo garini, chakula cha mbwa kiko kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza, na lile tundu nimeliziba kwa silikoni.

#13 MtuWaDenver

Nawasoma kutoka Colorado. Huku kila gari la tatu milimani lina mbwa, lakini sheria zinafanana kuliko mnavyodhani. Rocky Mountain, hifadhi ya taifa iliyo karibu nasi, mbwa anaishia pale gari linapoishia: barabarani, maegesho, kambi za magari. Njia za miguu haruhusiwi kabisa, na kamba isizidi futi 6. Mara ya kwanza nilipita na mbwa wangu ile Trail Ridge Road, inafika mita 3,713, watu wote wanashuka kutembea juu kule, mimi nimebaki maegesho namshikia kamba kama mlinzi wa benki. Siku hizi naenda misitu ya taifa inayopakana na hifadhi, huko njia nyingi mbwa anaruhusiwa.

Kwenu siafu, kwetu dubu. Bakuli la mbwa likilala nje na mabaki, dubu anakuja. Chakula cha mbwa kinafungiwa pamoja na chakula cha watu.

#14 Wa Nyeri

Huku Kenya ni vile vile, hauwezi ingia Aberdare na mbwa. Sisi huweka kambi kwa mashamba ya watu pale nje, unalipa kidogo na mbwa anakimbia vile anataka. Kitonga nimesikia sana, siku moja nitaileta gari yangu.

#15 KijanaWaChimala

Mkuu ulipanda Hamsini na Saba au ulikimbia?

#16 MpandaKitonga

Nilipanda. Kwa wasioijua: ni ile barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba, kona 57 za kupinda kabisa, moja juu ya nyingine. Tulingoja asubuhi mbili pale chini mpaka madereva wa malori wakasema leo pamekauka. Gia ya kwanza karibu yote. Paka alilia kila kona, akawa kama anazihesabu. Mbwa alitapika kona ya thelathini na ngapi sijui, juu ya godoro, upande wangu.

Matamba baridi ni kali. Maharage yaligoma kuiva, maana kule juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Nikataka kuingiza jiko la mkaa garini tupate joto. Mama watoto akasema nikiingiza jiko yeye anashuka na wanyama. Alikuwa sahihi na nakiri hadharani: mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na harufu, unalala huamki. Gari ni chumba kidogo kuliko chumba. Tulilala na blanketi tatu, chupa za maji ya moto miguuni, dirisha limeachwa wazi kidogo, mbwa katikati. Bi Mkubwa, ambaye Dar hataki kuguswa, aliingia ndani ya sweta langu akalala humo.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo wanyama wetu hapana. Tulipanga mmoja aende na wengine waliokuwa na gari, mwingine abaki, kesho yake tubadilishane. Alianza mama watoto. Akarudi na picha mia mbili na habari za nyasi zisizo na mwisho, ingawa maua mengi yalishapita, ukitaka maua nenda wakati wa mvua. Kesho yake ikanyesha, wenye gari wakaghairi. Kwa hiyo mimi Kitulo sijaiona. Nimepanda kona 57 kwenda kukaa na paka.

#17 Mama Kuku

Shemeji kacheza vizuri sana hiyo ratiba.

#18 DaktariWaNg'ombe

Mbwa anaendeleaje? Ufizi umeangalia?

#19 MpandaKitonga

Mwekundu mkuu, anakula vizuri, macho safi. Nitampeleka apimwe damu mwisho wa mwezi hata hivyo, kwa sababu ya wale mbung'o.

#20 BintiUporoto

Na jina je? Usirudi huku nalo, mwakani tutakuwa na mwenyekiti mwingine, huenda si mcheshi.

#21 MpandaKitonga

Tumejaribu kulibadilisha. Tulianza na Mtendaji, mama watoto akaniuliza kama nina akili. Sasa tunamwita Bobi. Wiki ya tatu leo, bado haitiki. Ila jana jirani yangu alikuwa anasikiliza taarifa ya habari redioni, mtangazaji akasema "mwenyekiti wa kamati", mbwa kanyanyuka kutoka usingizini, kaenda kukaa mbele ya redio.